Esposito: jina la ukoo lililoanzia kwenye tundu la ukutani

Tunaulizwa sana kuhusu majina ya ukoo ya Kiitaliano, na kwa mwambao wa Kenya si ajabu, maana Malindi na Watamu Waitaliano wako miaka mingi, wamejenga, wameoa, wamezaa, na leo kuna vijana wana jina la Kiswahili mbele na la Kiitaliano nyuma wanataka tu kujua hili la nyuma limetokea wapi. Wengine wanasaka uraia. Wengine wameliona jina kwenye mpira au kwenye filamu wakapata hamu. Swali lenyewe karibu kila mara ni lile lile, lina maana gani na je ni adimu? Mimi kazi yangu ni nyaraka na nasaba, kwa hiyo badala ya kujibu mmoja mmoja nimeona nichukue jina moja nilieleze vizuri, Esposito, maana ukilielewa hili majina mengine mengi ya Italia yatakufungukia yenyewe.

Tuanze na matamshi maana wengi wanakosea, mkazo uko kwenye PO, es-PO-si-to. Jina limetoka kwenye Kilatini, expositus, yaani aliyewekwa nje, na aliyewekwa nje hapo ni mtoto mchanga. Mtoto aliyeachwa. Ndo maana yake, hakuna nyingine ya kificho.

Sasa aliwekwa nje wapi na na nani. Jiji ni Naples, kusini mwa Italia, na mahali penyewe ni Santa Casa dell'Annunziata, taasisi ya kanisa iliyoanza karne ya 14, ilikua na kanisa, hospitali na nyumba ya kulelea watoto, vyote pamoja. Kwenye ukuta wa nje palikua na tundu, na ndani ya tundu kuna kitu kama pipa la mbao lililosimama, limekatwa upande mmoja, linazunguka. Wao wanaliita ruota, gurudumu. Mtu anakuja, mara nyingi usiku, anamweka mtoto kwenye ule upande ulio wazi, analizungusha pipa, mtoto anaingia ndani, kengele inagongwa, anaondoka. Ndani kuna mwanamke wa zamu anampokea. Aliye nje haonekani na aliye ndani haonekani, na hiyo ilifanywa makusudi ili mama asione haya akaamua kumtupa mtoto mtoni au kumwacha njiani usiku wa baridi. Kule Roma wanasimulia kwamba Papa Innocent III aliweka gurudumu kwenye hospitali ya Santo Spirito mwishoni mwa karne ya 12 kwa sababu wavuvi walikua wanavua maiti za vichanga kwenye mto Tiber.

Mtoto akishapokelewa anaandikwa. Hapa mimi kama mtu wa nyaraka ndo moyo wangu ulipo, kwa sababu zile rejista za Annunziata zipo hadi leo na ukizisoma unaona jinsi walivyojitahidi. Tarehe, saa aliyoingia, umri wa kukadiria, alikua amevaa nini, ana alama gani mwilini, amekuja na kitu gani. Maana wazazi wengi walikua wanaacha kitu: nusu ya medali, nusu ya sarafu, kipande cha utepe, picha ya mtakatifu iliyokatwa katikati, barua fupi inayosema mtoto ameshabatizwa au tafadhali mumwite jina fulani. Ile nusu nyingine mzazi anabaki nayo ili siku hali ikiwa nzuri arudi, alinganishe, amchukue mwanae. Ukiwa na nusu ya medali mkononi huwezi kusema huyu mzazi hakumpenda mtoto. Na msifikiri wote walikua watoto wa nje ya ndoa, hapana, wengi walikua na baba na mama wenye ndoa halali kabisa ila njaa imeingia nyumbani, au mama hana maziwa, au amefariki kwenye uzazi na baba hana pesa ya kumlipa mwanamke wa kumnyonyesha.

Baada ya kuandikwa anabatizwa, anavalishwa shingoni kipande cha madini ya risasi kinachoonyesha ni mtoto wa nyumba ile, alafu anatafutiwa wa kumnyonyesha, ndani ya jengo au kijijini kwa malipo. Wengi sana hawakufika mwaka mmoja. Maziwa hayakutosha, maradhi yalisambaa haraka kwa msongamano, na kaswende ilikua inatoka kwa mtoto kwenda kwa mnyonyeshaji na kutoka kwa mnyonyeshaji kwenda kwa mtoto mwingine. Kwa hiyo unapokutana na mtu anaitwa Esposito ujue mbele yako kuna uzao wa mtoto aliyepona, aliyekua mkubwa, akaoa, akazaa. Mabinti nao waliokua humo ndani walipewa fedha kidogo ya kuanzia maisha wakipata mchumba, ila jina la ukoo kwa utaratibu wa wakati ule lilipita kwa baba, basi waliolieneza ni wavulana.

Naples watu hawakuwadharau sana hawa watoto, waliwaita wana wa Madonna, kwamba Bikira Maria ndo mama yao. Lakini karatasi ni karatasi. Ukiitwa Esposito kila karani, kila padre, kila baba mkwe anajua papo hapo ulianzia wapi, na watoto wako na wajukuu wako wanabeba hiyo alama hata kama wao wamezaliwa kwa baba na mama wanaojulikana. Ndiyo sababu utawala wa Joachim Murat, yule shemeji yake Napoleon aliyekua mfalme wa Naples kuanzia 1808 hadi 1815, ulipiga marufuku kuwapa watoto wote jina hilo moja. Ni serikali hiyo hiyo iliyoanzisha usajili wa kiraia wa vizazi, ndoa na vifo mwaka 1809, kwa hiyo walikua wanapanga upya mambo ya majina kwa ujumla wake.

Na hapa ndo tunafika kwenye uadimu, na naomba hapa msome polepole maana ndipo watu wengi wanapopotoshwa.

Esposito si adimu hata kidogo. Liko kwenye kumi ya juu ya majina ya ukoo Italia nzima, na jijini Naples ndilo linaloongoza. Limekua jingi kwa sababu jumba moja liliwapa jina moja maelfu ya watoto ambao hawana undugu wowote. Mtu akikuambia sisi kina Esposito ni ukoo mkubwa, hapana, si ukoo, ni maelfu ya koo zilizopitia mlango mmoja. Esposito wawili mtaa mmoja wanaweza wasiwe na tone la damu ya pamoja.

Lakini ile marufuku ikafanya kitu kingine. Karani sasa ana mtoto mezani, hana jina la baba, na hawezi kuandika Esposito. Afanyeje? Anabuni. Anachukua jina la mtakatifu wa siku ile, au mwezi, au mahali mtoto alipookotwa, au ua, au mji wa mbali, na sehemu nyingine walienda kwa herufi za alfabeti kwa zamu, kila mtoto na jina lake. Mtoto huyo akipona na kuzaa watoto wa kiume, basi linazaliwa jina la ukoo ambalo Italia nzima lina familia moja au mbili. Adimu kweli kweli. Na Italia ina majina ya ukoo zaidi ya laki tatu, hata Rossi linaloongoza halifiki asilimia moja ya watu, kwa hiyo haya majina madogo madogo yapo mengi mno.

Mnaona linavyokwenda? Jina la kawaida kabisa na jina adimu kabisa yanaweza kuwa yametoka kwenye tundu lile lile la ukuta, tofauti ni mwaka na sheria tu. Halafu anatokea mtu mtandaoni anakuuzia nembo ya familia yenye simba na taji kwa kisingizio kwamba jina lako ni adimu kwa hiyo mlikua watu wa ikulu. Msinunue jamani. Nembo inathibitishwa na nyaraka za familia husika kizazi kwa kizazi, haithibitishwi na uchache wa jina. Inaniuma nikiona mtu ametoa hela yake kwa kitu cha namna hiyo wakati historia ya kweli ya jina lake ingempa kitu kikubwa zaidi.

Miji mingine ilikua na majina yake. Florence kuna Ospedale degli Innocenti, jengo alilolichora Filippo Brunelleschi na ujenzi ukaanza 1419, mtoto wa kwanza alipokelewa tarehe 5 Februari 1445, msichana, wakamwita Agata kwa sababu ni sikukuu ya Mtakatifu Agata. Kutoka hapo yakaja majina Innocenti, Degli Innocenti, na kuna Nocentini pia. Ukienda leo ni jumba la makumbusho na zile nusu medali zimehifadhiwa kwenye vidroo vidogo, kila moja na mtoto wake. Roma na Umbria utakuta Proietti, ambalo ni kali kuliko yote kwa sababu maana yake ni waliotupwa. Catania kule Sicily kuna Trovato, aliyepatikana. Bologna kuna Degli Esposti, na rasi ya Sorrento jirani na Naples kuna D'Esposito. Romagna kuna Casadei na Casadio, nyumba ya Mungu.

Milan ilikua Colombo, njiwa, kwa sababu njiwa ndo alama ya Ospedale Maggiore. Ila hapa muwe makini sana. Colombo lilikuwepo kabla, kama jina la mtu na kama jina la wafugaji wa njiwa, kwa hiyo si kila Colombo ana babu aliyeachwa hospitalini. Mfano mzuri ni Cristoforo Colombo mwenyewe, baharia, alizaliwa Genoa mwaka 1451 na babu yake tayari alikua Colombo, wakati hospitali ya Milan ilianzishwa na Francesco Sforza, mtawala wa jiji hilo, mwaka 1456. Haiwezekani. Vivyo hivyo Ventura, ambalo nalo watu hulidhania la watoto walioachwa, linaweza kuwa Bonaventura aliyefupishwa, na Innocenti linaweza kutoka kwa babu aliyeitwa Innocente. Maana ya neno haitoshi, lazima ujue mji na karne.

Magurudumu yenyewe yalifungwa taratibu, Ferrara 1867, Milan 1868, Naples 1875, na mwaka 1923 serikali ikayafuta yaliyobaki nchi nzima. Fedheha ya kwenye makaratasi ilikaa zaidi, watu walikua wanaandikwa mtoto wa N.N., yaani asiyejulikana, mpaka sheria ya 1955 ilipoondoa majina ya wazazi kwenye vitambulisho na vyeti vya kawaida. Na sasa hivi kanuni ya usajili ya mwaka 2000 inamkataza afisa kumpa mtoto asiyejulikana wazazi wake jina lolote litakaloonyesha asili hiyo, au jina la familia maarufu ya pale alipoandikishwa. Kwa kifupi Esposito wapya wa aina ile hawatengenezwi tena. Waliopo wanalibeba bila haya na wamefika mbali, Raffaele Esposito ndiye mpishi wa Naples anayetajwa kwenye simulizi ya pizza Margherita ya 1889, ndugu wawili Phil na Tony Esposito walitamba kwenye magongo ya barafu Kanada na Marekani, na mwigizaji Giancarlo Esposito baba yake ni wa Naples.

Kama jina lako ni Esposito, au lolote katika haya, na unataka kutafuta, fanya hivi. Usianze na jina, anza na comune, yaani mji au kijiji alikoandikishwa babu. Bila comune utazunguka tu. Ukishaijua ingia Antenati, ni tovuti ya nyaraka za taifa za Italia, bure, rejista zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kusini zinaanza 1809 na kwa nchi nzima iliyoungana usajili wa kiraia ni kuanzia 1866, kabla ya hapo unaenda parokiani. Panda kizazi kimoja kimoja, baba, babu, baba wa babu, usiruke. Wanawake wa Kiitaliano wanaandikwa kwa jina lao la kuzaliwa hata wakiolewa, hiyo inasaidia mno kufuata upande wa mama. Kwenye ukurasa angalia maneno esposto (aliyewekwa nje), proietto (aliyetupwa), genitori ignoti (wazazi wasiojulikana). Ukiyakuta, mstari wa baba umeishia hapo kwa karatasi za serikali, lakini jina la mji litakuambia taasisi ipi ilimpokea, na hapo unawaandikia kuomba rejista ya gurudumu kwa tarehe ile.

Wa uraia, jina peke yake halikupi kitu. Sheria ilibanwa mwaka 2025 na kwa waliozaliwa nje sasa inaangaliwa zaidi mzazi au babu na bibi, kwa hiyo kinachotakiwa ni vyeti vinavyoshikana, si tahajia ya jina.

Na ukifanikiwa kupata ule ukurasa wa rejista usiishie kusoma tarehe. Omba nakala ya mstari wote, wenye nguo na saa na kitu alichokuja nacho, na uliza kama kitu chenyewe kimehifadhiwa, maana saa nyingine kipo bado kwenye bahasha.