Je, wajua kwa nini jukwaa la Anfield lina jina la kilima cha Afrika Kusini?

Kama umewahi kubanana kwenye kibanda umiza Majogoo, yaani klabu ya Liverpool, wakicheza nyumbani, umelisikia jina hili: Kop. Ni lile jukwaa la nyuma ya goli pale kwenye uwanja wao wa Anfield, mjini Liverpool, lenye skafu nyekundu na bendera za ukubwa wa tanga la jahazi. Wengi hudhani ni neno la Kiingereza. Wala. Limetoka huku huku Afrika, na halikuzaliwa kwenye furaha.

Kop ni kichwa, kwa Kiholanzi na kwa Kiafrikana, na huitwa hivyo pia kilele cha kilima. Ukipita Serengeti ukamsikia dereva wa watalii akiyaita yale majabali ya kulalia simba "kopje", hapo umekutana na mdogo wake: kopje ni kichwa kidogo. Spion ni mpelelezi. Spion Kop, basi, ni kilima cha kuchungulia nchi, na kipo mpaka leo, si mbali na mji wa Ladysmith, katika lililokuwa koloni la Natal.

Usiku wa tarehe 23 Januari 1900, katika vita vya Waingereza na Makaburu, askari wa Uingereza wapatao 1,700 walikipanda gizani, ukungu umetanda. Walipoona wamefika juu wakaanza kuchimba handaki, lakini chini kulikuwa na mwamba, na hata nusu mita hawakuifikia. Asubuhi ukungu ukainuka. Hapo ndipo walipotambua kwamba wamejichimbia mahali pabaya: Makaburu walikuwa kwenye vilima vya jirani, wanawaona kama kuku uwanjani. Walipigwa risasi na mizinga kutwa nzima. Waingereza zaidi ya 200 walikufa, na handaki lile lile likawa kaburi lao. Mstari wake wa mawe bado unaonekana kileleni. Miongoni mwa wabeba machela wa Kihindi siku zile alikuwemo Mohandas Gandhi, na aliyekuwa akipanda na kushuka na ujumbe ni kijana mmoja mwandishi wa habari, Winston Churchill. Dunia ndogo kweli.

Vikosi vilivyoumia sana vilikuwa vya Lancashire, kaunti ambayo enzi hizo Liverpool ilikuwa ndani yake. Kwa hiyo jina la kilima hicho halikuwa habari ya mbali kwa watu wa mji ule.

Lakini jukwaa la mpira na kilima vinafananaje? Vilifanana kweli, kwa sababu jukwaa lenyewe lilikuwa kilima. Tarehe 5 Aprili 1902, Uskoti ikicheza na Uingereza kwenye uwanja wa Ibrox mjini Glasgow, sehemu ya jukwaa la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo ilivunjika, watu wakadondoka, na 25 wakafa. Aliyelibuni ni mhandisi Archibald Leitch, mtu wa Glasgow huyo huyo. Baada ya msiba huo, njia iliyoaminika ikawa kurundika udongo, majivu ya makaa na vifusi mpaka litokee tuta kubwa, kisha kuchonga ngazi za kusimamia juu yake. Tuta halivunjiki. Leitch hakufukuzwa kazini, jambo ambalo hadi leo linanishangaza. Yeye ndiye aliyekuja kujenga viwanja vingi vya Uingereza kuliko mtu mwingine wa zama zake, Anfield kikiwemo.

Tuta la Anfield lilipandishwa mwaka 1906, Liverpool ilipokuwa imetoka kutwaa ubingwa wa ligi kwa mara ya pili. Lilikuwa wazi, halina paa, na mashabiki walisimama juu yake kama jeshi kileleni. Mhariri wa michezo wa gazeti la mjini, Ernest Edwards, akapendekeza liitwe Spion Kop. Hata hivyo, mashabiki wa Arsenal wana haki ya kudai kwamba walitangulia: mwaka 1904 mwandishi mmoja alikwisha kulifananisha tuta la uwanja wao wa zamani, kule Plumstead, na kilima hicho hicho. Na Kop haziko Liverpool peke yake. Mjini Sheffield zipo mbili, moja uwanja wa Bramall Lane na nyingine uwanja wa Hillsborough.

Paa lilikuja mwaka 1928, na chini yake walisimama watu wapatao 28,000. Ukienda leo hutaona kusimama kwa namna ile. Mwaka 1989 mashabiki wa Liverpool walibanwa hapo Hillsborough, upande unaotazamana na Kop ya uwanja huo, na 97 wakapoteza maisha. Baadaye viwanja vya ligi za juu vikaamriwa kuweka viti. Mechi ya mwisho ya kusimama kwenye Kop ya Anfield ilikuwa tarehe 30 Aprili 1994, na Norwich wakaharibu sherehe kwa kushinda 1-0. Jukwaa la sasa ni zege na viti, takriban 12,400.

Kutoka London, treni ya kwenda Liverpool Lime Street huchukua saa mbili na ushei, kisha unapanda basi kuelekea mtaani, kwenye nyumba za matofali zilizogandana. Wengi hukimbilia kupiga picha langoni. Mimi ningekushauri usimame kwanza kwenye kona ya Kop, nje, utazame juu. Kuna mlingoti mrefu mweupe wa bendera. Ulikuwa mlingoti wa meli Great Eastern, iliyoshushwa majini mwaka 1858 ikiwa kubwa kuliko zote duniani, kisha ikaja kukatwakatwa kuuzwa chuma ng'ambo ya mto Mersey. Mlingoti ulivushwa mto ukielea, na husimuliwa kwamba farasi ndio waliouvuta kupanda nao mpaka Anfield.