Saa ya kompyuta yenye Windows na Linux: kabla hujanunua betri

Dhana: saa ikipotea, betri ya ubao mama imekufa.

Angalia kwanza imepotea kwa kiasi gani. Betri hiyo, ile ya duara ya CR2032, ikiisha, kompyuta iliyochomolewa umeme husahau hata tarehe na kuamka ikiwa mwaka wa zamani. Lakini kama Windows inabaki nyuma masaa matatu kamili kila unapotoka Linux, betri ni nzima, na ukiinunua mpya utakuwa umepoteza hela. Ubao una saa moja tu, na mifumo inaisoma tofauti: Windows huiona kuwa ni saa za hapa kwetu, Linux huiona kuwa ni UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima. Tanzania iko mbele ya UTC kwa masaa matatu. Saa nne asubuhi, yaani 10:00, Linux inaandika 07:00 kwenye ubao; ukiwasha Windows, inakuonyesha hiyo 07:00 vilevile ilivyo.

Dawa ziko mbili. Kwenye Linux, andika timedatectl set-local-rtc 1. Au kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake, Registry), chini ya TimeZoneInformation, ongeza RealTimeIsUniversal yenye thamani 1. Mimi naipendelea hii ya pili, maana Linux yenyewe hutoa onyo ukitumia ile ya kwanza. Ila tafadhali, moja tu! Ukiziweka zote mbili, Windows itakimbia mbele masaa matatu.

Dhana: Dar es Salaam haimo kwenye orodha ya kanda za saa ya Windows, basi chagua mji wowote wenye +03:00.

Chagua Nairobi. Leo Moscow nayo ni +03:00, lakini kati ya 2011 na 2014 ilikuwa +04:00, na serikali za mbali hazitakuuliza zikibadilisha tena. Kwenye Linux, Africa/Dar_es_Salaam ipo.

Dhana: ukiweka lugha ya Kiswahili, saa nayo itahesabu Kiswahili.

Lugha hubadilisha menyu na majina ya siku na miezi. Saa moja asubuhi itabaki 07:00. Wapo wanaoirudisha saa nyuma masaa sita ili isomeke "1:00", na hapo ndipo ninapoumia kabisa. Mtu wa ofisi ya utalii Arusha akifanya hivyo kwa kubadilisha ukanda wa saa, mwaliko wa kalenda kutoka Ujerumani wa kupokea wageni uwanja wa ndege wa KIA saa 19:40 utaonekana 13:40, na dereva atatumwa mchana. Akiacha ukanda ulivyo na kusogeza saa yenyewe, namba za siri za muda zinazotengenezwa ndani ya kompyuta hiyo zitakataliwa, kwa sababu kila moja huishi sekunde 30 hivi.

Kuhusu kibodi: Kiswahili hakihitaji ya kwake. Ya Marekani inatosha, hata kwa neno kama ng'ombe. Ila hakikisha mifumo yote miwili ina mpangilio uleule, la sivyo nywila yenye alama itakataa upande mmoja.