Sura Mpya Haitakuokolea Ijumaa Yako

Wiki hii nimeambiwa tena. Mwenye klabu mmoja kaniandikia: "Wateja wamemchoka DJ wetu. Nitafutie sura mpya." Hakuna neno hata moja kuhusu muziki. Kazi yangu ni kupanga ratiba za ma-DJ, na wikiendi nyingine napiga mwenyewe, kwa hiyo ombi hili nimelizoea. Huja mauzo ya kaunta yakishuka. Huja klabu nyingine ikifunguliwa mtaa wa pili. Huja hata mvua ikinyesha Ijumaa mbili mfululizo. Wa kulaumiwa ni yule aliyesimama kibandani, kwa sababu ndiye anayeonekana.

Nalijibu hapa kwa kirefu ili akija mwingine nimtumie kiungo, nikalale.

Bosi wa namna hii nikimuuliza, "Jamaa alipiga nini saa sita usiku Ijumaa iliyopita?", hana jibu. Alikuwa ofisini na mahesabu, au getini, au kakaa na wageni wake huku kazipa spika mgongo. Anachokumbuka ni uso. Mteja naye anakumbuka kitu kingine kabisa: ikianza ngoma fulani anajua ipi inafuata, na ipi inafuata hiyo, na MC atapayuka maneno yaleyale palepale. Hicho ndicho kinachochosha. Kinatibika kwa kikao kimoja cha kuambiana ukweli na DJ kwenda kupekua upya muziki wake. Ukimwondoa yeye na kumleta mwenzake mwenye zile ngoma arobaini za msimu katika flashi yake, umebadilisha bango tu.

Sasa nije kwenye linaloniudhi hasa. Sura mpya ikiletwa, hupewa saa moja, saa saba hadi saa nane usiku, ukumbi ukiwa umejaa na watu wamechangamka. Anapiga, mikono iko juu, simu ziko juu, bosi ananitumia video: "Umeona?" Nimeona. Naomba na wewe uone nani alikuwa kibandani tangu saa nne.

Kufungua usiku ni kazi ambayo haipigiwi makofi, na ndiyo maana wengi hawaijui. Tuanze na ukumbi wenyewe. Ukiwa mtupu, sauti inagonga kuta, sakafu na vioo na kurudi kama ilivyo. Zile sauti za juu zinachoma masikio. Watu wakiingia, miili na nguo zao zinanyonya sauti za juu na za kati. Kwa hiyo ngoma ileile, kwa mpangilio uleule wa mikisa (mashine ya kuchanganyia na kurekebisha sauti), saa nne inakwaruza na saa saba inasikika kama imefunikwa blanketi. Aliyeuzoea ukumbi anarekebisha kidogokidogo kadiri watu wanavyoongezeka, wala huoni mkono wake ukisogea.

Besi ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Wimbi la hezi 50, yaani linalotikisika mara 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7. Ndani ya ukumbi wa kawaida, mawimbi ya ukubwa huo yanagonga ukuta, yanarudi, yanakutana. Mahali pengine yanajumlishana, mahali pengine yanafutana. Kuna kona besi inavimba hadi glasi zinacheza mezani, na hatua tatu pembeni haipo. Mara nyingi kibanda cha DJ kimewekwa hapohapo ilipopotea, kwa sababu aliyekijenga alifikiria mandhari ya picha. DJ wa kudumu anajua: hapa nilipo siisikii, lakini kule katikati vifua vinatetemeka. Mgeni hajui. Anahisi besi haitoshi, anaongeza. Haitoshi tena, anaongeza tena. Taa za mikisa zinafika nyekundu na kukaa huko, limita, kile kifaa cha kuzuia sauti isipite kiwango, inabana kila kitu, na ngoma iliyotengenezwa na pumzi yake inatoka bapa. Watu hawajui kilichotokea. Wanajua tu wamechoka, wanatoka nje kupunga upepo.

Halafu kuna masikio. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022 kwamba kiwango cha wastani katika kumbi za burudani kisizidi desibeli 100 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya ya wafanyakazi, inapendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila ukiongeza 3 muda unakatwa nusu. Ukifika 100 zimebaki dakika 15. Naacha suala la uziwi, ingawa si dogo, nizungumzie sanaa tu: sikio lililopigwa kwa nguvu linachoka na usikivu wake unapungua kwa muda. Ukianza juu saa nne, saa sita watu wanasikia kidogo kuliko walivyoingia, na wewe huna pa kupandia.

Juzi nimemtazama kijana mmoja akifungua. Kipaji anacho, nasema bila kinyongo. Anaunga ngoma kwa usafi ambao wakongwe wengi hawana. Saa nne na robo, ngoma yake ya tatu, tayari yuko mapigo 128 kwa dakika na kaangusha wimbo mkubwa kuliko yote ya msimu. Kulikuwa na kundi dogo lililoingia muda huohuo, dada mmoja bado kashika mkoba na koti. Wakaruka, wakaimba neno kwa neno. Wimbo ukaisha, akaweka mwingine mkubwa. Wakacheza nusu. Wa tatu ulipoingia walikuwa wameshaketi, wanaangalia menyu. DJ wa saa sita alipopanda alikuta kila alichonacho kimeshatumika. Angerudia, au angepiga vya pembeni kwa watu walioshiba. Kijana mwenyewe aliondoka na video ya sekunde ishirini, safi sana. Kesho yake nikaulizwa kwa nini wa saa sita "hakuwa na mzuka".

Anayejua kufungua angekuwa kwenye mapigo 105 au 110, sauti chini kiasi cha watu kuagizana vinywaji bila kupigiana kelele, akiangalia meza ipi inatikisa kichwa. Angewanyima kidogo. Wimbo mkubwa angeuweka mfukoni.

Najua hoja inayofuata: muziki unasonga, vijana wanataka vipya. Sawa, tuwaangalie waliobadilisha muziki wenyewe. DJ Frankie Knuckles alifika Chicago mwaka 1977 akitokea New York, mgeni kabisa mjini, akaanza kupiga katika klabu ya Warehouse. Huyo alikuwa sura mpya kama unavyotaka! Lakini hakupewa saa moja Ijumaa moja. Aliachiwa ukumbi wiki baada ya wiki, usiku kucha, hadi mwaka 1982, na kutokana na anga hiyo ndipo muziki wa house ulipopata jina lake, kutoka kwenye hilo neno Warehouse. Alipoondoka kwenda kufungua klabu yake, mwenye Warehouse alimchukua Ron Hardy na kubadilisha jina la klabu kuwa Music Box. Hardy alipiga kwa kasi zaidi, kwa ukali zaidi. Sura mpya tena, na naye akaachiwa ukumbi. Hadithi hii inanukuliwa na watu wa pande zote mbili, kila mmoja akiikata anapopenda.

Kule New York, DJ Larry Levan alishika klabu ya Paradise Garage tangu 1977 hadi ilipofungwa 1987. Mfumo wa sauti ulikuwa kazi ya Richard Long, na Levan aliuchezea kama sehemu ya muziki. Alibadilisha hata vichwa vya sindano za kuchezea santuri kadiri usiku unavyosonga, vile bora akivihifadhi kwa saa za kilele. Jambo kama hilo mtu halifanyi katika ukumbi aliouona leo jioni kwa dakika kumi wakati wa kujaribu spika.

Mfano wa DJ Carl Cox pale klabu ya Space, Ibiza, nautumia kwa tahadhari. Alikuwa na msimu wake pale kwa miaka 15, hadi 2016. Watu husema: umeona, miaka yote hiyo na hakuchosha. Ndiyo, lakini Ibiza ni kisiwa cha watalii, na waliopo wiki hii siyo waliokuwepo wiki iliyopita. Pale anayebadilika ni mteja. Klabu yako je? Kama asilimia kubwa ya watu wako ni walewale kila Ijumaa, DJ wako wa kudumu ana kazi ngumu kuliko Carl Cox, na anapaswa kuchimba muziki mara mbili yake. Hili wakongwe wenzangu hawapendi kusikia.

Kwa sababu, tusidanganyane, wapo ma-DJ wa kudumu waliooza. Anaingia saa sita kasorobo na kuweka orodha ya mwaka juzi, simu mkononi. Anamzuia kijana kugusa mikisa kwa kisingizio cha "ataharibu". Nafasi nyingi za kudumu zilipatikana kwa urafiki na meneja, na wasichana wanaopiga vizuri wameishia kuitwa usiku wa "ma-DJ wa kike" mara moja kwa mwaka, halafu kwaheri. Nikitetea ukudumu bila kutaja haya nitakuwa nawalinda washkaji.

Na kuna jambo ambalo sina uhakika nalo. Usiku wa mgeni mauzo hupanda, nimeona vitabu. Kipya kinyemi ingawa kidonda, kwa hiyo usiku wa kwanza haunishtui. Lakini wageni wengi huwekwa mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imetoka, na matangazo yakiwa yamelipiwa, ambayo DJ wa kudumu halipiwi kamwe. Kilichopandisha ni mgeni, mshahara au bango? Sijui namna ya kuvitenganisha, na sijakutana na meneja anayejua. Huenda mimi nimekosea kwa zaidi ya ninavyodhani. Nitaamini siku mtu atakapomtangaza DJ wake wa kudumu kwa bajeti ileile, mwisho wa mwezi uleule, tulinganishe.

Kwa hiyo bosi wangu nimemjibu hivi. Jamaa abaki, lakini aje na muziki mpya kila wiki, na MC apunguziwe maiki. Sura mpya nitakuletea wawili, mmoja ni binti ambaye hujawahi kumsikia. Hawatapiga saa saba. Watafungua, kila mmoja kwa muda wa saa mbili, kwa kupokezana, miezi miwili mfululizo, na jamaa akae nao kibandani wiki za mwanzo awaonyeshe besi inapopotelea. Baada ya hapo atakayekuwa ameuelewa ukumbi apewe usiku wake mzima, jamaa akapumzike Ijumaa hiyo. Ukimleta mgeni mwenye jina, mpe muda wa saa tatu na umwache DJ wako afungue na afunge.

Akajibu kwamba miezi miwili ni mingi, bango limeshaenda kuchapwa. Basi angalau mwambie jamaa mwenyewe kabla hajaliona mtandaoni, na umlipe zile Ijumaa za mwezi uliopita.