Semina za "sheria ya mvuto" Marekani: siku tatu za kughairi na kwa nini wengi huzikosa

Kila Machi, katika Wiki ya Kitaifa ya Ulinzi wa Walaji, ofisi za ulinzi wa walaji kote Marekani huelimisha umma kuhusu biashara zinazolalamikiwa. Safari hii ofisi yetu imechagua semina za kujiendeleza kiroho, zile zinazofundisha kwamba fikra huvuta mali, afya na mwenza. Malalamiko yanakuja, na mengi yanakuja yamechelewa. Mlalamikaji ana risiti, ana mkataba, ana hata picha za ukumbini, lakini siku alizopewa na sheria zimekwisha. Ukimwuliza kwa nini hakuandika barua wiki ileile, hasemi kwamba alibanwa na kazi. Anasema aliambiwa shaka itaharibu matokeo.

Tuliweke sawa mapema: ofisi haina neno na imani ya mtu, na haitakuwa nalo. Tunachoeleza hapa ni jinsi baadhi ya mafundisho haya yanavyokula muda wa kisheria wa anayeyaamini, na namna ya kuuokoa muda huo.

Kinachofundishwa

Mizizi yake ni ya zamani. Phineas Quimby, fundi saa wa jimbo la Maine aliyefariki mwaka 1866, alifundisha kwamba ugonjwa hutokana na imani potofu akilini mwa mgonjwa. Irekebishe imani, mwili utafuata. Waliomfuata walijenga harakati iliyojulikana kama Fikra Mpya. Charles na Myrtle Fillmore walianzisha Unity, mojawapo ya makundi ya harakati hiyo, huko Kansas City mwaka 1889, na mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwepo tayari waandishi waliohamisha mkazo kutoka kupona hadi kutajirika. Semina nyingi za leo zinatoka kwenye ukoo huo, hata pale mwalimu anapodai amefunuliwa mwenyewe.

Fundisho lenyewe ni hili. Fikra ni nguvu, na huvuta kinachofanana nayo. Kila kitu kina mtetemo, na mtu mwenye mtetemo wa juu hukutana na mambo ya juu. Kwa hiyo unatamka kauli chanya kwa wakati uliopo ("nina wingi", kamwe si "nitapata wingi"), unabandika picha za nyumba na gari ubaoni, unashukuru kana kwamba vimeshafika mlangoni. Usipopata, ndani yako kuna imani inayokukwamisha, mara nyingi ya tangu utotoni, na ipo kozi ya ngazi inayofuata ya kuing'oa.

Tunamwomba msomaji akitazame vizuri hicho kipengele cha mwisho. Matokeo yakija, fundisho limethibitika. Yasipokuja, mwanafunzi ameshuku. Hakuna tokeo lolote linaloweza kumrudia mwuzaji, na bei ya kurekebisha kosa mara nyingi ni kubwa kuliko ya kozi iliyolizaa.

Wanasaikolojia wameyapima baadhi ya mazoezi haya. Gabriele Oettingen na mwenzake walichapisha mwaka 1991 utafiti juu ya wanawake waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito. Waliotarajia kufaulu walipungua zaidi, lakini waliokuwa wakijichorea picha tamu za mafanikio hawakupungua kama wenzao. Kutarajia na kuota ni vitu viwili, na semina nyingi huvichanganya. Mwaka 2009, Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake walionyesha kwamba kurudia kauli ya kujisifu kuwa unapendeka kuliwafanya watu wenye kujithamini kwa chini wajisikie vibaya zaidi, kwa sababu kauli iligongana na wanavyojiona. Ndiyo kusema wanaoathirika ni walewale ambao semina inawaalika.

Sheria inapoanzia

Wapo wanaotuandikia wakitaka tuyapige marufuku mafundisho haya kwa kuwa ni ya uongo. Hatuwezi, na hata mahakama haiwezi. Kesi ya msingi ni ya familia ya Ballard. Guy Ballard na mkewe Edna waliongoza miaka ya 1930 harakati iliyojulikana kwa jina la "I AM". Walifundisha kwamba ndani ya kila mtu mna Uwepo wa kimungu unaoamshwa kwa matamko, na kwamba walikuwa wakipokea ujumbe kutoka kwa Mabwana Waliopaa, yaani walimu wa kiroho walioaminiwa kuwa wamevuka kifo, hasa aliyeitwa Saint Germain. Guy alifariki mwaka 1939. Edna na mwanawe Donald walishtakiwa kwa ulaghai kupitia posta, pamoja na madai ya uwezo wa kuponya. Mwaka 1944 Mahakama ya Juu iliamua kwamba baraza la wazee wa mahakama haliwezi kuulizwa kama mafundisho hayo ni ya kweli. Linaweza kuulizwa kama washtakiwa wenyewe waliyaamini. Mwaka 1946 kesi ikarudi tena, na mashtaka yakafutwa kwa sababu nyingine kabisa: wanawake walikuwa wameachwa nje ya mabaraza yaliyoteuliwa.

Kwa hiyo, kusema "fikra huvuta" ni imani. Kusema "utarudishiwa ada ndani ya siku 30 usipofaidika", "wanafunzi wetu hupata dola elfu kumi kwa mwezi" au "uvimbe utayeyuka bila upasuaji" ni ahadi ya biashara, na ahadi hupimwa. Dai la afya huhitaji ushahidi wa kisayansi wa kuaminika kabla halijatangazwa. Ushuhuda wa mtu mmoja aliyetajirika haumwokoi mwuzaji: kama si tokeo la kawaida, tangazo litaje tokeo la kawaida ni lipi. Tunaposoma lalamiko tunatafuta sentensi za namna hii. Kurasa tano za kueleza kwamba mwalimu ni nabii wa uongo hazitusaidii.

Siku tatu

Semina nyingi huuzwa kwenye kumbi za hoteli, na hapo ndipo penye kinga ambayo karibu hakuna anayeitumia. Kanuni ya muda wa kutafakari ya Tume ya Biashara ya Serikali Kuu, FTC kwa kifupi, inahusu mauzo ya dola 130 au zaidi yanayofanyika mahali pasipo ofisi ya kudumu ya mwuzaji: hoteli, ukumbi wa mikutano, mgahawa, viwanja vya maonyesho. Nyumbani kwako kiwango ni dola 25. Una haki ya kughairi hadi saa sita usiku wa siku ya tatu ya kazi baada ya mauzo, bila kutoa sababu yoyote.

Hesabu ya siku ndiyo inayokosewa. Jumamosi ni siku ya kazi kwa kanuni hii. Jumapili na sikukuu za serikali kuu hazihesabiwi, na siku ya kununua haihesabiwi. Uliyesaini Ijumaa unahesabu Jumamosi, Jumatatu, Jumanne: mwisho wako ni Jumanne saa sita usiku. Uliyesaini Jumamosi, mwisho wako ni Jumatano. Angalia basi semina ya mwisho wa juma inavyokwenda. Ofa hutolewa Jumamosi jioni watu wakiwa wamechoka na wamelia, halafu "zoezi la siku saba bila shaka" huanza Jumapili. Zoezi likiisha, haki imekufa tangu Jumatano. Hatusemi kila mwuzaji hupanga hivyo makusudi. Tunasema kalenda hailainiki.

Wakati wa kuuza, mwuzaji analazimika kukueleza kwa mdomo kwamba unaweza kughairi, kukupa nakala mbili za fomu ya kughairi, na kukupa risiti au mkataba wenye tarehe, jina lake na anwani yake. Na jambo linalowahusu wasomaji wa makala hii moja kwa moja: mkataba uwe kwa lugha iliyotumika kukuuzia. Ukiuziwa kwa Kiswahili, ukapewa karatasi za Kiingereza tu, kanuni imekwisha kuvunjwa. Mkataba hauruhusiwi kukufanya uachie haki hii, kwa hiyo mstari unaosema "ada hairudishwi kwa hali yoyote" hauiondoi ndani ya siku hizo tatu. Ukiukaji unaweza kuleta faini ya madai ya zaidi ya dola 50,000 kwa kila kosa. Fedha hiyo huenda serikalini. Haiji kwako, na tungeomba watu waache kutuuliza lini watagawiwa.

Kughairi kwenyewe ni kazi ya robo saa. Saini nakala moja ya fomu na uiandike tarehe. Ipeleke kwa mkono, au itume kwa posta kwenye anwani iliyoandikwa humo, muhuri wa posta uwe kabla ya saa sita usiku wa siku ya mwisho. Kinachoangaliwa ni muhuri, si siku barua ilipofika. Tumia huduma ya posta inayorudisha uthibitisho wa kupokelewa, na ubaki na nakala ya pili. Kama hukupewa fomu, andika barua yako mwenyewe ndani ya muda uleule: jina lako, tarehe ya kununua, ulichonunua, na sentensi moja kwamba unaghairi. Usijieleze, usiombe radhi, usikubali "kikao kifupi na kocha kabla hatujashughulikia ombi lako". Ujumbe wa simu kwa kocha si barua ya kughairi.

Baada ya hapo mwuzaji ana siku 10 za kazi za kurudisha fedha yote na hundi au hati yoyote ya deni uliyosaini. Kama una vitabu au vifaa vyake, virudishe katika hali uliyovipokea au viweke tayari kuchukuliwa. Ana siku 20 za kuvichukua, au kukulipa gharama ya posta mkikubaliana uvitume.

Kanuni haigusi mauzo yaliyofanyika yote kwa intaneti, kwa simu au kwa posta. Kozi uliyonunua mtandaoni usiku ukiwa kitandani haimo, ingawa umo nyumbani kwako.

Karatasi nyingine utakazosainishwa

Fomu ya kuachia madai ya majeraha huwatisha watu kuliko inavyostahili. Oktoba 2009, karibu na Sedona, Arizona, James Arthur Ray, mwalimu wa semina za aina hii, aliongoza sherehe ya hema la jasho kwenye mafungo ambayo washiriki walilipia zaidi ya dola 9,000 kila mmoja. Walikuwa wametoka kukaa jangwani saa 36 bila chakula wala maji, kisha zaidi ya watu 50 wakaingia kwenye hema la joto kali na mvuke. Watatu walifariki. Walikuwa wamesaini fomu za kuachia madai. Mwaka 2011 Ray alitiwa hatiani kwa makosa matatu ya kusababisha kifo kwa uzembe na akahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Saini ya mshiriki haiondoi mamlaka ya mwendesha mashtaka. Mwili nao hauna habari na mtetemo: mtu aliyefunga kunywa hawezi kutoa jasho la kutosha kujipoza, na kichefuchefu, kuchanganyikiwa na kuzimia humaanisha atolewe nje na apigiwe 911, namba ya dharura. Kuambiwa hapo kwamba unapita kwenye kizuizi chako ni hatari ya maisha.

Karatasi ya pili ni ya usiri. NXIVM, kampuni ya kozi za kujiendeleza iliyoanzishwa mwaka 1998 na Keith Raniere na mwenzake katika eneo la Albany, New York, ilisainisha wanafunzi wake ahadi za kutotoboa siri za kozi na kuwapandisha ngazi kwa skafu za rangi. Tamko la wanachama lilikuwa na wazo kwamba mwathirika wa kweli hayupo, kwa hiyo mtu asichague kuwa mwathirika. Aliyekubali hilo kwa moyo wote hana hata neno la kuanzia lalamiko. Raniere alitiwa hatiani Juni 2019 kwa makosa yakiwemo biashara ya ngono na njama ya kazi ya kulazimishwa, akahukumiwa miaka 120 mwaka uliofuata. Ahadi ya usiri haimzuii mtu kuripoti uhalifu polisi. Na tangu sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maoni ya walaji, kifungu cha mkataba wa kawaida kinachokutoza faini kwa kuandika maoni ya kweli ni batili.

Siku tatu zikishapita

Uliyelipa kwa kadi ya mkopo unayo njia nyingine. Andika barua, si simu pekee, kwa anwani ya mtoaji kadi ya maswali ya bili, imfikie ndani ya siku 60 tangu bili ya kwanza yenye tozo hilo ilipotumwa. Analazimika kukujibu kwamba ameipokea ndani ya siku 30, na kumaliza shauri ndani ya mizunguko miwili ya bili, isiyozidi siku 90. Njia hii inafaa pale huduma haikutolewa kama mlivyokubaliana: vikao 12 viliahidiwa, ukapata vinne. "Sikupata utajiri" si kosa la bili. Kadi ya benki ya kawaida haina kinga hii kwa kiwango hicho.

Ukiambiwa ulipe ili uwe kocha mwenyewe, na mwuzaji anaahidi kukutafutia wateja, kanuni ya fursa za biashara humtaka akupe karatasi moja ya maelezo angalau siku 7 kabla hujasaini au kulipa. Akitaja mapato, akupe na taarifa ya maandishi inayoyathibitisha.

Ripoti hupokelewa kwenye ReportFraud.ftc.gov. FTC haimalizi shauri la mtu mmoja mmoja. Hutumia ripoti kufungua kesi kubwa. Kwa fedha yako mwenyewe, nenda kwa mwanasheria mkuu wa jimbo lako au mahakama ya madai madogo, ambayo kiwango chake cha juu hutofautiana jimbo kwa jimbo. Ambatisha mkataba, risiti, tangazo lenye ahadi, na uthibitisho wa posta. Daftari la kauli chanya libaki nyumbani.