Kagua Mlingoti Ungali Chini

Mashua ndogo ya tanga inayobebwa kwa trela ina neema moja ambayo yati kubwa iliyotia nanga haina: mlingoti wake hulazwa kila safari. Kiungo ambacho mwenye yati hukifikia kwa kuvutwa juu na henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, wewe unakikuta usawa wa kiuno chako. Lakini wengi huulaza, huufunga, huondoka, kisha huja kuusimamisha tena bila kuutazama hata mara moja. Mimi hufunga na kukagua nyaya za mashua hizi, za pwani na za Ziwa Naivasha, na milingoti mingi ninayoletewa ikiwa imeanguka haikuangushwa na upepo mkali. Iliangushwa na kipande kidogo ambacho yeyote angekiona mlingoti ukiwa chini.

Aliyezoea jahazi anahitaji kubadili fikra hapa. Mlingoti wa jahazi ni mti mnene uliokitwa ndani kabisa ya chombo. Wa mashua ya faiba ni bomba jembamba la alumini, na kwenye mashua za trela mara nyingi limekaa juu ya bawaba sitahani. Peke yake halisimami. Kinachoushikilia ni nyaya: ya omo (mbele), za ubavuni, na mara nyingi ya tezi (nyuma). Waya ya stenlesi ya milimita 3 yenye nyuzi 19 hukatika kwenye mzigo wa takriban kilo 700, na hiyo ni nguvu ya kutosha. Ila nguvu yote hupitia kwenye pini fupi, na pini yenyewe huzuiwa isichomoke na spliti (kipini cha miguu miwili inayopanuliwa) au kiringi chembamba. Demani, kamba ya kuongozea tanga, ikinasa kiringi hicho wakati wa kugeuza tanga, kinafunguka. Ndiyo maana mimi hupendelea spliti, miguu yake ikiwa imepanuliwa kidogo tu, kisha naizungushia tepu. Spliti iliyotumika ikanyooshwa haifai kurudishwa.

Baada ya pini, tazama skrubu za kukazia waya. Hapa ndipo mashua za trela huumia kuliko popote. Mlingoti unapoinuliwa nyaya za ubavuni huwa zimelegea, na skrubu zake hulala ovyo sitahani. Moja ikisimama kiupande kwenye bati la sitahani inakofungwa, waya itakapokaza itaupinda mguu wake wenye hesi. Nimeona watu wakiunyoosha kwa koleo na kuendelea na safari. Tafadhali usifanye hivyo. Chuma kilichopindwa kikanyooshwa huenda kimeshaanza kupasuka ndani, na kitaachia siku tanga limejaa upepo, bila kukuonya. Nunua mpya, na ukiweza ongeza kiungo cha chini kinachogeuka pande zote ili skrubu ifuate waya inakoelekea. Na wakati wa kuinua awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuzitazama skrubu hizo tu.

Waya zenyewe zipitishie kitambaa cha pamba, si vidole vitupu, kwa maana uzi uliokatika huchana ngozi. Kitambaa kikinasa, waya hiyo imekwisha. Uzi mmoja kati ya 19 unatosha kuihukumu. Vivyo hivyo waya iliyokunjika kwa kukanyagwa au kubanwa na mkanda wa trela. Ukizihifadhi, zikunje kwa mizunguko mipana.

Chumvi nayo ina hila yake. Stenlesi hujikinga kwa utando mwembamba sana unaohitaji oksijeni ili udumu. Ndani ya ncha zilizobanwa kwa mashine, hasa za chini ambazo midomo yake imeelekea juu, maji ya bahari hutuama na oksijeni haifiki. Utando unakufa, kutu inakula ndani kwa ndani, na nje unaona mchirizi wa kahawia tu. Ukiuona, chukua kioo cha kukuzia utafute ufa kwenye ncha hiyo. Mashua iliyotoka Kilifi kwenda Naivasha husafiri na chumvi yake, kwa hiyo suuza kila ncha kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kuifunga kwenye trela. Mahali stenlesi inapokutana na alumini, kama kwenye mashina ya mikono inayopanua nyaya, tafuta unga mweupe. Huo ni alumini inayoliwa.

Sasa kuinua. Tuchukue mlingoti wa mita 7.5 wenye kilo 20. Uzito wake unakaa karibu na katikati, kwa hiyo mtu anayeuinua ukiwa umelala, mikono yake ikiwa mita 2 kutoka shinani, anabeba takriban kilo 37, huku amesimama juu ya sitaha inayoteleza. Kuuvuta kwa waya ya omo peke yake hakusaidii mwanzoni, kwa sababu waya imelala sambamba na mlingoti na nguvu yote inaishia kuusukuma shinani. Weka nguzo ya mita 1.8 kwenye shina, ikiwa imesimama, waya ya omo ifungwe kichwani mwake, na kamba ishuke kutoka hapo hadi omo, mita 2.5 mbele: unahitaji kilo 50 hivi. Pitisha kamba hiyo kwenye makapi (roda) ya mikondo minne na mkono wako utavuta kama kilo 13, pamoja na msuguano kidogo. Hapo mtu mmoja anainua kwa utulivu na anaweza kusimama katikati ya kazi. Funga pia kamba mbili za pembeni, zikianzia usawa uleule wa bawaba, ili mlingoti usiyumbe. Nyaya za ubavuni haziwezi kazi hiyo mpaka mlingoti ukaribie kusimama.

Trela iwe bado imeungwa na gari. Mtu akienda tezi wakati haijaungwa, trela yote inaweza kuinuka mbele. Asisimame mtu chini ya mlingoti, hata mtoto anayetaka kuona.

Na kabla ya yote hayo, inua macho. Laini za kilovolti 11 na 33 hupita juu ya barabara na viwanja vingi vya Kenya na Tanzania, na alumini hupitisha umeme vizuri mno. Acha angalau mita 3, kisha tembea kwa miguu njia nzima kutoka unapoinulia hadi majini. Vifo vya namna hii ndivyo vilivyofanya Hobie, watengenezaji wa mashua za tanga, miaka ya 1980, waanze kuweka ncha ya juu isiyopitisha umeme kwenye milingoti yao. Mlingoti ukigusa waya ya umeme, aliye ndani ya mashua abaki humo, na aliye chini asiiguse wala trela. Aondoke kwa hatua fupi sana, miguu pamoja, mpaka kampuni ya umeme ikate laini.

Kuhusu umri, kampuni nyingi za bima huanza kuuliza maswali nyaya zikifika miaka 10, na kwa maji ya chumvi nakubaliana nazo. Ukibadilisha, usitupe za zamani kabla mpya hazijapimwa juu yake, pini hadi pini, zote mbili zikiwa zimevutwa. Baada ya safari ya kwanza kaza tena, kwa maana waya mpya hurefuka kidogo.