Fundi mwenza katika mbio za kale za magari Marekani

Fundi mwenza alikuwa mtu aliyeketi kando ya dereva katika gari la mashindano tangu mbio zinapoanza hadi zinapokwisha. Alipiga pampu kwa mkono ili presha ya petroli isishuke, akakodolea macho matairi yaliyokuwa yakilika upesi, na kila mara akageuka nyuma kuona ni nani anayekaribia na anapitia upande gani, kisha akamwarifu dereva kwa ishara, kwa kuwa mngurumo wa injini haukuruhusu maneno. Alikuwa utingo wa aina yake, ila hakuwa na mkanda wa kumshikilia kitini.

Aliyezua mjadala juu ya nafasi hiyo ni Ray Harroun, mhandisi wa kampuni ya magari ya Marmon ya Indianapolis, aliyekuwa amekwisha kustaafu udereva baada ya msimu wa 1910 na kurudi kwa ajili ya mbio moja tu, zile za kwanza za maili 500 za Indianapolis, tarehe 30 Mei 1911. Gari lake la manjano, lililoitwa Wasp, lilikuwa na kiti kimoja na mkia uliochongoka, jambo lililopunguza uzito na ukinzani wa hewa. Wapinzani walilalamika kwamba dereva asiye na mtu wa kumtazamia nyuma ni hatari kwa wenzake, naye akajibu kwa kufunga kioo cha kutazamia nyuma mbele yake, juu ya usukani. Alishinda kwa muda wa saa 6 na dakika 42, huku Cyrus Patschke akimpokea usukani kwa sehemu ya mbio, kisha Harroun akaacha mashindano moja kwa moja. Baadaye alikiri kwamba kioo kilitikisika mno juu ya barabara ile ya matofali hata hakuona kitu cha maana.

Siku hiyohiyo Sam Dickson, fundi mwenza wa Arthur Greiner, alifariki katika ajali. Hata hivyo, kuanzia 1912 waandaaji walilazimisha kila gari libebe watu wawili, na mwaka huohuo Ralph DePalma na fundi wake, Rupert Jeffkins, walionekana wakiisukuma Mercedes yao iliyovunjika konrodi (chuma kinachoshika pistoni ndani ya injini) ikiwa imebaki mizunguko isiyozidi miwili kati ya 200. Sharti hilo lililegezwa mwaka 1923, likarejeshwa 1930, na likadumu hadi mbio za 1937.