Kutenganisha na kulea seli za moyo uliokomaa ni nini?

Kwenye meza za nyama za soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, bonyeza ini la ng'ombe kwa kidole, kisha bonyeza moyo. Ini linabonyea, moyo unakataa. Seli za msuli wa moyo zimeshikana ncha kwa ncha, na kuzizunguka kuna kolajeni, protini ngumu inayozifunga pamoja. Kutenganisha seli za moyo ni kukata kifungo hicho bila kuziua, hadi mtafiti apate seli moja moja iliyo hai. Hapo anaweza kupima umeme wake, kutazama inavyojikunja, au kuijaribia dawa.

Moyo wa kitoto cha panya hausumbui sana: hukatwa vipande, hulowekwa kwenye kimeng'enya, na seli zake changa huvumilia. Moyo uliokomaa hauvumilii hivyo. Hutolewa haraka kifuani, kisha aota yake, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, hufungwa kwenye mrija mwembamba. Maji ya chumvi yenye sukari na oksijeni, ya joto la nyuzi 37, hupitishwa kinyume na njia ya kawaida ya damu. Msukumo huo hufunga vali ya aota, kwa hiyo maji huingia kwenye mishipa inayoulisha moyo wenyewe na kufika kila pembe ya msuli. Njia hii tumeipata kwa Mjerumani Oskar Langendorff, aliyeieleza mwaka 1895. Yeye alitaka moyo uendelee kupiga nje ya mwili. Waliomfuata ndio waliopitisha kolajenesi, kimeng'enya kinachokata kolajeni, katika njia hiyohiyo.

Ugumu wa kweli, kwa maoni yangu, uko kwenye kalsiamu. Kwanza moyo hupewa maji yasiyo na kalsiamu: unaacha kupiga, na viungo kati ya seli vinalegea. Kolajenesi hufuata, mpaka moyo unakuwa laini kabisa. Lakini seli hizo haziwezi kuishi hivyo, lazima zirudishiwe kalsiamu, na hapo ndipo wengi hupoteza kazi yao yote. Mwaka 1966, Zimmerman na Hülsmann walionyesha kwamba moyo wa panya ulionyimwa kalsiamu kisha ukarudishiwa ghafla huharibika vibaya. Kalsiamu hufurika ndani ya seli, seli hujikunja kupita kiasi na kufa. Ndiyo maana hurudishwa kidogo kidogo, kwa hatua.

Matokeo huonekana mara moja kwenye hadubini. Seli nzima ni fimbo yenye kona kali na mistari myembamba inayoikata kwa upana, urefu wake kama sehemu ya kumi ya milimita. Imetulia, inajikunja ikiguswa na umeme. Iliyokufa imejikusanya kuwa donge la mviringo.

Kulea ni hatua nyingine. Seli huwekwa kwenye sahani iliyopakwa laminini, protini inayonatisha seli, ili zishike, ndani ya kabati la joto lenye hewa iliyochanganywa na kaboni dioksidi. Usitegemee ziongezeke. Seli za msuli wa moyo uliokomaa karibu hazigawanyiki, hata mwilini: utafiti ulioongozwa kutoka Sweden mwaka 2009 ulikadiria kwamba mtu wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 tu ya seli hizo kwa mwaka. Kwenye sahani idadi hupungua tu. Siku zikipita, zilizobaki hupoteza umbo la fimbo na mifereji midogo inayopeleka umeme ndani. Baadhi ya maabara hutia blebistatini, dawa inayozuia seli kujikunja, ili zidumu zaidi.

Kwa hiyo mwanafunzi wa udaktari wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, anayesoma makala kuhusu dawa ya moyo kushindwa kazi aulize mambo matatu: seli zilitoka kwa mnyama mchanga au aliyekomaa, ni asilimia ngapi zilikuwa bado fimbo, na zilipimwa siku ya ngapi. Seli ya siku ya kwanza na ya siku ya tano haziwezi kujibu swali moja.